Gegedu la Kushoto la Shehe Bayumi

Shehe Bayumi alikuwa mtu wa shaka. Mkate hakununua kwa mwokaji wa mtaani kwao kwa sababu mwokaji yule, kwa maelezo yake, alikuwa na tabia ya kumtazama sana shingoni. Shingo yenyewe aliifunga skafu ya sufi hata mwezi wa Agosti, jua la Delta ya Nile likichemsha ubongo. Kahawa ya watu hakuinywa mpaka aone mwenye nyumba ameionja. Mji mzima wa Mit Badran ulimjua hivyo na ulimvumilia, maana Mungu alikuwa amemjalia koo. Akifa mtu, wafiwa waliuliza kwanza kama Shehe Bayumi ana nafasi, ndipo wakaulizana habari za kaburi.

Na wasomaji wa Kurani wa Delta, nisiwasingizie, wote wana ugonjwa huo kidogo. Kila mmoja atakusimulia kisa cha mwenzake aliyepewa kikombe msibani na mwenye kijicho, akalala mzima, akaamka bubu. Muulize jina la huyo mwenzake, atakuambia alikuwa mtu wa mji wa pili. Tofauti ni kwamba wengine walisimulia kisa hicho wakaenda zao kula. Bayumi alilala nacho.

Basi siku alipoambiwa ana ngiri na lazima apasuliwe, kilichomtisha hakikuwa kisu, yalikuwa macho ya watu. Aliwasikia tayari wakisema Bayumi sasa kwisha habari yake. Akaamua kwenda Iskandaria, asikojulikana, na mtaani akaaga kwamba anakwenda kumjulia hali shemeji yake. Aliyejua ukweli alikuwa mkewe tu, Atiyat, na huyo naye hakumwacha hivi hivi. Pale stesheni, treni ikiwa inaingia, alimshika mkono.

"Mama Raafat, ukimwambia kiumbe yeyote habari ya operesheni hii, awe ndugu yako, awe daktari, awe imamu wa msikiti, basi talaka iniangukie, wewe si mke wangu."

"Makubwa! Ngiri yako wewe, talaka yangu mimi?"

"Nimeshaapa."

Bayumi alizoea kuapa kwa mkate, kwa chumvi, kwa kichwa cha mtoto wao Raafat aliyeko Kuwait, na mkewe alizoea kumcheka. Safari hii hakucheka. Aliingia behewani akakaa dirishani, na hakumsemesha mpaka Iskandaria.

Operesheni ilikwenda salama. Aliamka koo likimwasha, wakamwambia ni kawaida, litapoa. Akarudi Mit Badran akajifungia ndani, na kama walivyo wasomaji kabla ya kazi, akaipumzisha sauti. Siku kadhaa hakutamka neno. Hata chumvi aliiomba kwa vidole. Kama sauti ilikuwa na kasoro, yeye hakujua, kwa sababu hakuitumia.

Kazi ilikuja upesi. Alikufa mwenye kinu cha mpunga, likasimamishwa hema la msiba limeziba mtaa mzima, na magharibi ilipokwisha kusaliwa watu wakajaa vitini. Wasomaji walikuwa wawili wa kupokezana, yeye na Shehe Dusuqi, waliyesoma naye chuo kimoja tangu utotoni. Dusuqi alikuwa mnene, mcheshi, na sauti yake ilikuwa nzuri ya wastani, ile ambayo watu huisikiliza huku wakinong'onezana bei ya mpunga. Akipanda Bayumi, walinyamaza. Bayumi alikuwa na hakika kwamba jambo hilo linamchoma Dusuqi usiku na mchana.

Dusuqi alimaliza zamu yake, akashuka, akafungua chupa yake ya chai, akammiminia mwenzake yansuni, zile mbegu tamu zinazochemshwa kulainisha koo.

"Kunywa, Maulana. Ya moto hiyo."

Watoto wa marehemu walikuwa wamesimama pale pale. Kukataa kikombe cha mwenzako mbele ya wafiwa ni aibu, na kumwambia aonje kwanza ni aibu zaidi. Bayumi akanywa. Akapanda kwenye kiti cha msomaji, akaweka kiganja sikioni, akafumba macho, akafungua mdomo.

Ulitoka upepo. Akajaribu tena, ukatoka upepo mwingine, na kipaza sauti kikauchukua kikautandaza mpaka barabara kuu. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Mungu akufungulie, Maulana," kwa kumhimiza, na mwingine akakohoa. Jasho lilimtiririka Bayumi chini ya skafu. Ndipo Dusuqi, akiwa amekaa zake chini, bila kipaza sauti, akaidaka ile aya aliyokuwa aisome mwenzake, akaendelea nayo. Na watu, kwa kushukuru tu kuondolewa fedheha, wakaguna kwa raha: "Allah! Allah!"

Guno lile ndilo lililompasua moyo. Miaka ishirini na kitu amekuwa akiguniwa yeye. Alishuka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumnong'oneza Dusuqi kwamba angependa kuimalizia yansuni nyumbani. Dusuqi alimpa chupa nzima, tena kwa furaha. Bayumi aliiangalia ile furaha akaona kila kitu: mtu anayetoa ushahidi wake mwenyewe huku akitabasamu huyo ni fundi wa uovu.

Wiki hiyo hiyo Atiyat alimburura mpaka Tanta kwa daktari wa koo. Daktari Nirmin alikuwa binti wa watu mwenye miwani mikubwa na mikono iliyotulia. Bayumi aliketi, akaweka chupa mezani.

"Pima hii," alinong'ona.

"Mimi napima makoo, Maulana, chai sipimi. Legeza mabega, nikupitishie kamera puani."

Ukapita waya mwembamba, na kwenye skrini likatokea pango jekundu, limelowa, linapumua. Bayumi hakuwahi kuliona. Maisha yake yote amekula kwa kitu kile, amekifunga sufi, amekikinga na macho ya watu, na kumbe hata sura yake hakuijua. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Hiki kilichosimama mbele kama jani," daktari alisema akionyesha kwa kalamu, "ndicho kinachoinama kufunika njia ya hewa ukimeza. Ni gegedu, kama lile unalolitafuna mwisho wa kidari cha kuku. Zoloto yako yote, hiki kisanduku cha sauti, imejengwa kwa magegedu. Mbele iko ngao, hii unayoiona ikipanda na kushuka shingoni. Chini ya ngao iko pete, nyembamba mbele, pana nyuma. Kwa umri wako ngao na pete zimeshaanza kugeuka mfupa, hilo lisikusumbue."

"Anasema nageuka mfupa," Bayumi alimnong'oneza mkewe.

"Nyamaza, sikiliza!"

"Sasa tazama huku nyuma. Juu ya pete vimekaa vigegedu viwili vidogo, kulia na kushoto. Kila uzi wa sauti, huku mbele umefungwa kwenye ngao, huku nyuma umefungwa kwenye kigegedu chake. Ukivuta pumzi, viwili hivi vinageuka na nyuzi zinaachana. Ukitaka kutoa sauti vinasogeleana, nyuzi zinakutana, zinatetemeka. Bila hivi vidogo, Maulana, ngao na pete ni boma tupu. Haya, sema iii."

Bayumi akasema iii. Kigegedu cha kulia kiligeuka upesi, kikaja katikati. Cha kushoto kilibaki kimeinamia mbele, hakitikisiki, na uzi wake umelegea. Kati yao palibaki mwanya, na upepo wote ulikuwa unapotelea hapo.

"Sumu hiyo," alinong'ona.

"Sumu haichagui kushoto ikaacha kulia. Hapa ni moja kati ya mawili. Ama neva inayokiendesha imekufa, na itabidi niitafute mpaka kifuani, nione kama kuna kivimbe kinaibana. Ama kigegedu kimeteguka, kimetoka pale kilipokaa. Kama kimeteguka ninaweza kukirudisha, lakini mapema, kabla hakijagandia hapo kilipo. Kwa hiyo nijibu vizuri. Umepigwa shingoni? Umefanyiwa operesheni karibuni, ukalazwa usingizi?"

Bayumi alimkazia macho. Operesheni! Mbona ameitaja hiyo? Nani kamwambia? Alikumbuka kibao cha mlangoni, Nirmin Shinnawi, na mama yake Dusuqi alikuwa wa ukoo wa Shinnawi. Basi. Huyu katumwa kumchimba. Maneno ya kigegedu na kukirudisha mapema ni chambo tu. Akifungua mdomo leo, kesho Delta nzima itajua kwamba Bayumi kachanwa, na jicho litammaliza.

"Hakuna kitu kama hicho," alisema.

"Operesheni yoyote? Hata ndogo?"

"Hakuna."

Daktari akamgeukia Atiyat. "Mama?"

Atiyat alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Bayumi aliiona midomo yake ikifunguka, akamkata jicho. Midomo ikafunga. Kisha ikafunguka tena polepole.

"Ni kama alivyosema mwenyewe," alijibu, akainamia mkoba.

Daktari aliagiza picha ya shingo na kifua, akasisitiza waifanye haraka. Bayumi hakwenda kupigwa picha yoyote. Kwake huo ulikuwa mtego wa pili.

Siku zilipita, zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Chupa ya yansuni ilikaa nyuma ya friji mpaka ikaota ukungu, naye akaona huo ukungu kuwa ni dalili. Msibani hakuitwa tena. Kila jioni sauti ya Dusuqi ilisikika kwenye vipaza sauti vya mbali, na Bayumi alifunga madirisha yote mawili ya upande ule. Dusuqi alipiga simu, hakujibiwa. Alileta asali ya maua ya michungwa, ile nzuri, akaiacha kwa jirani. Bayumi akampa paka wa uani, akakaa kwenye kigoda kumwangalia atakavyokufa. Paka alilamba, akajilaza juani, kesho yake akaja kudai nyingine. Mtu mwingine angepata fundisho. Bayumi alisema ipo sumu isiyodhuru paka.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuweza hata kulalamika vizuri. Alitaka kumtukana Dusuqi kwa sauti aliyompa Mungu, ukuta utikisike, na kila alipojaribu ulitoka upepo ule ule. Alilia mara moja, peke yake, akinawa uso ili Atiyat asijue. Sauti ile ndiyo iliyokuwa yeye. Iliyobaki ilikuwa mzee mmoja mwenye skafu.

Asubuhi ya Ijumaa mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Maulana! Utafungua, au nikusomee Yasini hapa hapa nje?"

Atiyat akafungua kabla hajakatazwa. Dusuqi aliingia akihema kwa ngazi, akajitupa kwenye kochi, akamtazama rafiki yake aliyekuwa amekonda.

"Nimekukosea nini? Sema, ndugu yangu. Mtu akinichukia napenda nijue sababu, nisije nikaikosa starehe yenyewe."

"Unajua ulichoweka kwenye yansuni," Bayumi alinong'ona.

"Nimeweka nini?"

"Ulichoweka!"

Ule ucheshi ukamtoka Dusuqi usoni. "Yaani mimi? Bayumi, mimi? Nilikunywa chupa ile ile kabla yako!"

"Sikukuona ukinywa."

"Kwa sababu ulikuwa unaangalia nani kakutazama shingo! Wewe huoni kitu kingine. Sasa nikuulize. Unakumbuka ulivyofika hemani? Ulinisalimia pale mlangoni. Salamu yako ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Hujanywa tone! Nikajua koo lako si zima, ndiyo maana nikakumiminia yangu. Kwani mimi humimina yansuni yangu ovyo? Nayo mke wangu huniwekea kidogo hivi."

Bayumi alitaka kujibu. Salamu ile ilimrudia masikioni. Ni kweli aliisema, na ni kweli ilitoka mbovu, na ni kweli alijiambia ni kwa sababu ya kukaa kimya siku nyingi. Aliisikia mwenyewe, kisha akaizika, kwa sababu haikumpa mtu wa kumlaumu.

"Na operesheni yenyewe," Dusuqi aliendelea, "si ndiyo hiyo imekuchosha? Mtu anapasuliwa, kidonda bado kibichi, anapanda kiti cha msomaji!"

Bayumi aliruka wima, akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni na sinia la chai. "Umemwambia!"

Vikombe viligongana. "Sijamwambia," Atiyat alisema. "Wallahi sijamwambia mtu."

"Mwache mama wa watu," Dusuqi alisema. "Nimesali ubavuni kwako tangu ndevu zetu nyeusi. Siku ile ya msiba ulirukuu ukainuka umejishika kinena kama mwanamke aliyejifungua jana. Nikasema huyu kakatwa ngiri. Nitashindwaje kujua, na mimi nilikatwa yangu?"

"Wewe? Lini?"

"Ule mwaka niliosema nimekwenda Umra." Dusuqi alijikuna kisogo. "Umra gani! Nilikuwa nimelala hospitali ya Damanhuri, natapika."

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nikuambie nini? Ulificha, nikakufichia."

Atiyat aliweka sinia chini, akanyooka. Alimtazama mumewe moja kwa moja, jambo ambalo tangu siku ya Tanta hakulifanya. Bayumi alikumbuka mikono iliyotulia ya daktari na swali lililoulizwa mara mbili. Alishikwa na hofu ya aina nyingine kabisa, hofu isiyokuwa na mtu ndani yake.

"Vaa," alimwambia. "Twende kwa daktari."

Daktari Nirmin alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alivua miwani.

"Walikulaza usingizi kabisa?"

"Nilizimika kama taa."

"Basi walikupitishia mpira kooni upumue. Ndivyo inavyofanywa, na mara nyingi hakuna tatizo. Mara chache sana mpira au chuma kinachoupitisha kinakigonga kigegedu kikatoka mahali pake. Nilikuuliza, Maulana. Nilikuuliza mbele ya mkeo!"

"Uliniuliza."

"Kwa nini ulinificha?"

"Nilidhani umetumwa na Dusuqi."

"Dusuqi ni nani?"

Daktari alimpulizia dawa ya ganzi kooni, akaingiza chuma chembamba kilichopinda, akakisukuma kile cha kushoto taratibu huku Bayumi akiikodolea macho skrini. Hakikutikisika. Akamwomba aseme iii. Kile cha kulia kilikuja mbio mpaka katikati, kikangoja. Cha kushoto kilikaa pale pale kilipoangukia, kimeshonwa na kovu lake. Wiki iliyofuata walijaribu tena, safari hii amelazwa usingizi, kwa mkono wa uangalifu mno. Alipoamka aliona jibu usoni kwa daktari kabla ya kuambiwa.

"Kimeganda. Utafanya mazoezi, na kile cha kulia kitajifunza kuvuka katikati kumfuata mwenzake. Utapata sauti ya kuagiza mkate na kumwita mjukuu. Ya kusoma kama ulivyokuwa ukisoma, hapana. Sitaki kukudanganya."

"Na kama ningesema siku ile?"

"Siku ile kilikuwa bado kibichi. Nadhani kingerudi."

Walitoka nje wakakaa kwenye benchi la zege kando ya barabara. Magari ya Tanta yalikuwa yakipiga honi kama kawaida yake, na muuza koshari, ule mchanganyiko wa wali, dengu na tambi, alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria kuita wateja. Bayumi alivua skafu, akaiweka mapajani. Hapakuwa na cha kukinga tena.

"Nataka kukuambia jambo," Atiyat alisema. Alikuwa analia, na hakuyafuta machozi. "Siku ile daktari aliponigeukia, nilikuwa na neno hapa, mdomoni. Nilijua. Mimi si daktari, lakini nilijua ni ile operesheni, kwa sababu kabla yake ulikuwa mzima. Nikasema moyoni, nikilitoa, sina nyumba. Nimekaa na mtu huyu miaka yote hii, leo nirudi kwa kaka yangu na sanduku kama kigori. Nikalimeza. Nilichagua ndoa yangu, ukakosa sauti yako. Kila siku najiuliza kama nilichagua vibaya. Niambie, Baba Raafat. Nilichagua vibaya?"

Bayumi alijibu. Lori lilikuwa linapita, na muuza koshari hakuacha kugonga, na upepo uliomtoka kinywani haukufika hata upande wa pili wa benchi.

"Sijasikia," alisema Atiyat.

Alirudia kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Sikusikii!"

Ndipo mtu yule ambaye sauti yake ilikuwa ikinyamazisha mtaa mzima akasogea kwenye zege, akasogea tena, mbele ya wapita njia, mpaka bega lake likagusa la mkewe. Akaweka mdomo sikioni kwake, akamwambia hapo.